Mshenga wa Mti

Kaka Chrispinus,

Hapa Busia tu wazima, na mvua imewatoa kumbikumbi. Ule mchezo wako wa vita vya mezani bado tunaucheza kila Jumapili tukitoka kanisani. Mimi nimeunda jeshi la kumbikumbi kwa waya na udongo wa kichuguu. Rafiki yangu Wabwire huvuka kutoka Tororo na vyura aliowachonga kwa kandambili kuukuu. Jumapili iliyopita tuliungana. Vyura na kumbikumbi upande mmoja! Watu walicheka sana, wakauliza nani atamla nani. Lakini tulifuata kanuni uliyotuwekea wewe: hakuna muungano bila kutuma mshenga na kuku. Anayekubali hubaki na kuku, kisha yeye mwenyewe humsindikiza mshenga hadi kwao.

Tukashinda. Tuliyemshinda ni Baba. Ndiyo, Baba huyo huyo aliyeliita jeshi lako la majitu ya mti upuuzi siku mliyogombana ukaenda Mombasa. Sasa ndiye anayeyaongoza majitu hayo vitani, na hurusha dadu mara mbili bila haya. Jina lako halitamki, lakini hataki mtu mwingine ayaguse majitu hayo.

Juzi nilimkuta akichonga kipande cha mti. Nilidhani ni jitu jipya. Alipomaliza akanipa, akasema, "Mtumie," akaenda zake.

Ndiye huyo niliyemfunga kwenye kitambaa. Mtazame kwapani, ana kuku.

Ukimkubali, usije ukamrudisha kwa basi peke yake. Kanuni ni yako.

Dada yako anayekupikia tayari,
Lorine