Kibao cha Karisa

Swaleh mjukuu wangu,

Assalaam aleikum. Hapa Kibokoni sote tu wazima, ila mamako kifua chamsumbua kidogo. Waniuliza kama kuna maana kampuni yenu kuwatoa Jumamosi mkapande miti, au ni picha tu.

Enzi zangu za kazi, kampuni yetu nayo ilitupeleka ufuoni Tudor, kila mfanyakazi akapanda mkoko wake na kuuwekea kibao chenye jina lake. Tukapewa fulana na soda, tukarudi majumbani. Aliyekuwa akienda kila wiki kuondoa mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye mkoko wake ni mmoja tu, Karisa, mchukuzi wa ghalani.

Mwaka uliofuata wachukuzi walipunguzwa, na Karisa alikuwamo. Ofisi ikaniagiza niving'oe vibao vyao, niweke vya wafanyakazi wapya. Nikaving'oa.

Siku moja nikamkuta pale pale, matope hadi magotini.

"Karisa, si ulishaachishwa kazi?"

"Kazi ndiyo, Bi Zuhura. Lakini huu mti nimeuzoea." Akakitazama kibao kipya. "Hivi, nani alilitoa jina langu?"

"Sijui," nikamwambia.

Alifariki kabla sijapata moyo wa kumwambia kweli. Nilikwenda mazikoni kwao. Mkewe akanishika mkono, akanishukuru kwa kumkumbuka mumewe.

Basi nenda kapande, babangu, na uwe ukirudi kuutazama. Mimi tangu mazishi yale sijaweza kukanyaga Tudor.

Bibi yako,
Zuhura