Nimejenga Ghala la Adui, na Adui ni Baba Mkwe

Mpendwa Mama Kudra,

Shikamoo mama, na pole kwa kubebeshwa mizigo ya watu kila wiki. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana hata ugali haupiti, na jina langu ulifiche kabisa. Mimi ni fundi ujenzi wa hapa Makole, nina miaka ishirini na tisa, nimemchumbia Shamimu na kwao wameshanikubali, harusi ni mwezi ujao, na shida yangu ni kwamba mimi ni mateka wa vita.

Vita vyenyewe ni vya filamu. Dharmesh, yule mwenye studio ya picha mjini, anatengeneza filamu ya vita vya Mjerumani, kuhusu wapagazi waliotekwa wakalazimishwa kuwajengea maadui ghala la risasi, nao kwa uchungu wakajenga kwa hila, tope tupu bila chokaa, ili siku ya mwisho wausukume ukuta uanguke na risasi zote zifukiwe. Mimi nilipewa nafasi ya kiongozi wa mateka kwa sababu najua kushika mwiko, nikafurahi mno, na Dharmesh alipokosa mahali pa kupigia picha, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu nikamwambia kwamba baba mkwe wangu mtarajiwa, Mzee Hamidi, ana kiwanja Chamwino. Mzee akakubali kwa sharti moja tu, kwamba yeye ndiye awe afande wa maadui.

Mama, tangu hapo sijapumua. Kwenye onyesho la kwanza natakiwa nimkazie macho afande nimwambie "Sijengi!", lakini kila akitokea na kofia yake ya kiafande na fimbo, mdomo wangu unasema "Shikamoo baba," naye hapohapo anaitikia, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Tulirudia mara kumi na moja mpaka Dharmesh akakaa chini akashika kichwa. Halafu mzee akakumbuka kwamba siku nyingi anataka ghala la alizeti, akaanza kuja na timazi ya kupimia ukuta mfukoni mwa magwanda, akiona tofali limepinda anafoka, "Bomoa! Panga upya!", na Dharmesh anafurahi akidhani mzee anaigiza. Ghala la risasi la vita vya Mjerumani sasa lina mlango wa kupitisha fuso. Nguo zetu za umateka ni magunia ya alizeti ya mzee mwenyewe, tumeyageuza nje ndani maandishi yasionekane, na juzi alinituma dukani nikamnunulie vocha nikiwa nimevaa hilo gunia, nikaenda.

Sasa dhambi yangu ni hii. Dharmesh aliniuliza kama ukuta utaanguka Jumamosi tukipiga onyesho la mwisho, nikamwambia utaanguka, nimeweka tope tupu. Mzee naye akanivuta pembeni akasema, "Mwanangu, sinema hupita, alizeti huvunwa kila mwaka. Huo ukuta ukianguka, na harusi imeanguka." Nikamwambia hautaanguka, nimeweka saruji na nondo. Na kweli nimeweka nondo, mama, kwa siri, mateka wenzangu hawajui, wanafanya mazoezi ya kuusukuma huku wakiimba, na hautikisiki wala kutoa vumbi. Dharmesh akigundua atasema kama alivyosema siku moja, "Bwana, ukuta usipoanguka mimi sina filamu, nina video ya ujenzi!"

Na Shamimu ndiye aliyenimaliza. Mzee ameanza kutuonyesha chumba nyuma ya ghala ambamo tutaishi tukioana, wakati mimi na Shamimu tulishakubaliana tutakaa Makole karibu na kazi yake, nami nilipoonyeshwa nikasema "Chumba kizuri, baba." Shamimu akaniambia, "Kama huwezi kumwambia baba hapana kwa ukuta, utamwambia lini kwa ajili yangu? Jumamosi nakuja kutazama, na nitakachokiona ndicho nitakachokijibu." Simu zangu hapokei.

Nifanye nini mama? Niusukume au nisiusukume? Tafadhali uwe mwangalifu utakavyojibu, kwa sababu baba mkwe husoma ukurasa wako kila Ijumaa saa nne, wakati wa chai, na kofia yake kichwani, anatusomea mateka wote kwa sauti na kuwacheka wanaokuandikia.

Ni mimi,
Mateka wa Makole

MAMA KUDRA ANAJIBU:

Marahaba. Nimecheka mpaka chai ikanipalia, sasa ngoja nikuseme.

Kwanza hilo la kuficha jina. Filamu ni moja, ukuta ni mmoja, na mchumba wa Shamimu ni mmoja. Hata mbuzi wa Chamwino wanakujua. Unajua fika kwamba mkweo anausoma ukurasa huu, ukaniandikia hivyohivyo, na unataka nikuamini kwamba ni bahati mbaya? Wewe hukuniandikia mimi, umemwandikia yeye, ukataka mimi niwe domo lako. Mwanangu, mimi ni mshauri, si tarumbeta.

Pole nakupa, kwa sababu najua uzito wa mkwe. Mimi mwenyewe nilikaa nyumbani kwa wakwe miaka sita nikisema "ndiyo mama" mpaka usingizini. Kumheshimu baba wa mkeo ni adabu, na hiyo shikamoo yako kwa afande wa maadui imenipendeza, ingawa namwonea Dharmesh huruma. Lakini wale wapagazi walikuwa wameelekezewa bunduki mgongoni. Wewe mgongoni kwako kulikuwa na nini? Timazi! Wale walimjengea adui kwa hila ili wenzao wapone. Wewe umemjengea kwa ustadi, nondo juu, halafu hila umewafanyia wenzako na mtu aliyekuamini. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeongeza ya tatu, ambayo ni Shamimu.

Huyo binti simlaumu hata kidogo. Hajakuambia umtukane baba yake wala umwangushie ghala. Anataka kujua kama kuna mtu ndani ya hilo gunia. Ungekuwa mwanangu ningekuvuta sikio kwa hicho "chumba kizuri, baba."

Kuhusu ukuta, nashangaa fundi ananiuliza mimi. Ghala la mzee liacheni lisimame, limeshakuwa na nondo na alizeti haina kosa. Mbele yake panga ukuta mwingine wa tofali kavu, usiozidi kifua, usiweke kitu katikati, paka tope kwa nje, kamera iwekwe upande ambao ghala halionekani. Watu wakae mbali upande wa kuangukia, kisha sukumeni mkiimba. Kazi ya asubuhi moja kwako na mateka wenzako, na safari hii mzee asije na timazi. Lakini usiguse tofali hata moja kabla hujamwambia Dharmesh kwamba ulimdanganya. Ataruka, atatulia, ana filamu ya kumaliza.

Kisha mkweo. Hapa usiende peke yako, wala usimtume mtu akusemee. Mshenga wako aliyepeleka posa yuko wapi? Wengine wanadhani kazi ya mshenga inakwisha posa ikipokewa, kumbe siku kama hizi ndizo zake. Mchukue aketi pembeni, kikao kiwe na heshima, ila maneno yatoke kinywani mwako. Mwamkie vizuri. Mwambie ghala lake ni imara, umelijenga kama zawadi ya mkwe, na ulipaswa kumwambia Dharmesh mapema. Halafu mwambie kuhusu chumba: "Hapana baba, tutakaa Makole." Maneno manne. Baada ya hapo nyamaza, usianze kujieleza, maana ukianza utajikuta umekubali na kupaka rangi. Na Shamimu awepo asikie, asingoje Jumamosi.

Mzee akinuna, atanuna. Mtu anayeitikia marahaba katikati ya vita si mtu wa kuvunja harusi kwa sababu ya chumba.

Gazeti hili linafika Makole Ijumaa saa moja asubuhi. Kwa hiyo ukifika hapa unaposoma, livue hilo gunia, oga, vaa shati lako mwenyewe, mpitie Dharmesh, mpitie mshenga, panda gari la Chamwino. Mkweo anaanza kusoma saa nne.