Maji ya Kinywa cha Baba

Kabambare, Jumapili 18 Agosti 2024

Kwako Baba Dieudonnée,

Pokea salamu za nyumba nzima. Huku tuna uzima, isipokuwa goti langu la kushoto linalonung'unika kila nikitoka shambani. Na wewe je? Kile kikohozi cha vumbi la mashimo ya dhahabu kimepoa? Jumapili nne nimepanda kilimani penye rezo ya simu na kila mara simu yako imefungwa, ndiyo maana nimechukua kalamu. Iliasi ameniahidi atakupa karatasi hii mkononi na kuningojea jibu, maana pikipiki yake haipiti wiki mbili bila kufika kwenu Salamabila.

Habari ni hii, kaa chini kwanza. Mtoto amepata diplome ya kumaliza sekondari. Asilimia sitini na tatu, wa pili katika darasa lote. Alirudi mbio kutoka shuleni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nikadhani amefukuzwa na mbwa. Chuo cha ualimu cha Kasongo kimempokea, masomo yanaanza mwanzoni mwa Novemba, na atakaa kwa dada yangu Léocadie karibu na soko. Anataka kufundisha hesabu. Sijui ameitoa wapi akili hiyo, kwetu hakuna.

Tangu ulipompa jina la marehemu mama yako na kuanza kumwita "mama", mimi nina miaka kumi na tisa nalea mama mkwe. Ananionjea chumvi. Anasema sombe yangu, majani yale ya muhogo, haijatwangwa ikalainika. Sasa mama mkwe anaondoka, nami nilidhani nitapiga vigelegele, kumbe namwangalia akifua nguo naingia jikoni kulia, nasingizia moshi.

Nimeshamfundisha ninayoyaweza: kupikia watu kumi kwa sufuria moja, kulala kwenye nyumba ya wengine bila kuwa mzigo, kujua mwanamume anayesema ukweli na yule anayesema vizuri. Limebaki moja ambalo siliwezi. Kwenu mtoto haondoki nyumbani bila maji ya kinywa cha baba. Unayaweka kinywani, unampulizia viganjani, anajipaka usoni, anakwenda bila kugeuka. Hata wewe ulipokwenda Salamabila mzee wako alikufanyia hivyo, na mimi nilikuwa nimesimama hapo na ndoo kichwani. Njoo, tafadhali. Mtoto anakungoja, na si yeye peke yake.

Mkeo,
Mama Dieudonnée


Salamabila, 2 Septemba 2024

Mama Dieudonnée mpenzi,

Salamu kwako, kwa goti lako, na kwa mama. Mimi nipo, namshukuru Mungu. Barua yako nimeisoma mara nyingi hadi karatasi imelegea kwenye mikunjo. Asilimia sitini na tatu! Nimewaambia watu wote wa shimoni, hata wale nisiosemezana nao.

Nimempa Iliasi valizi nyekundu ya kutilia nguo, supaneti ya kuzuia mbu na vikwembe viwili vya kujifunga. Kile chenye ndege ni cha mama. Cha majani ni chako, usimwachie.

Kuhusu kuja, itakuwa vigumu. Kazi imebana na msimamizi wetu hatoi ruhusa. Mdogo wangu Ismaël yupo hapo jirani, damu yangu na damu yake ni moja. Ampulizie maji kwa niaba yangu. Hata zamani, baba akiwa mbali, baba mdogo alisimama mahali pake.

Simu imeharibika. Usichoshe goti kwa kupanda kilima.

Baba Dieudonnée


Kabambare, 15 Septemba 2024

Baba Dieudonnée,

Salamu. Sisi wazima. Natumaini na wewe ni mzima, kwa kuwa hukusema chochote juu ya kikohozi nilichokuuliza.

Valizi imefika na mtoto ameshaipanga na kuipangua mara tatu. Asante. Ismaël naye alikuja Jumapili iliyopita baada ya misa, shati jeupe, kikombe mkononi, majirani wamejaa uani. Dieudonnée alipiga magoti vizuri, akanyoosha mikono. Ismaël alipojaza mashavu, mtoto akairudisha mikono nyuma ya mgongo. Akasema kwa adabu, lakini wote walisikia: "Baba mudogo, unisamehe. Haya maji iko yako, haiko ya baba." Maskini Ismaël akayameza.

Sasa najua yanayosemwa kisimani. Wanasema baba anayezuia maji yake ana neno moyoni juu ya mtoto. Wengine wanasema una nyumba nyingine huko na maji yako yana wenyewe. Hilo la pili nimelijibu kwa mdomo wangu, unaujua. La kwanza sikuweza kulijibu, maana mtoto mwenyewe ameniuliza, "Mama, nilimukosea baba nini?" Nilimwambia hakuna. Lakini tangu siku hiyo hasemi tena habari za Kasongo, na juzi nimekuta vitabu vyake amevirudisha chini ya kitanda.

Ikiwa kazi imekufunga miguu, haijakufunga kinywa. Chukua chupa, weka maji kinywani, yateme ndani, funga vizuri, mpe Iliasi. Nitammiminia mimi. Haijawahi kufanyika, najua, lakini hakuna aliyekataza. Bila hayo haondoki, Yves, na mlango wa chuo haungojei mtu.

Mama Dieudonnée


Salamabila, 29 Septemba 2024

Mama Dieudonnée,

Salamu nyingi. Chupa hiyo hapo. Wakati wa kummiminia sema hivi, ndivyo baba alivyoniambia mimi: "Uende, njia ikupokee, jina lako likutangulie." Mwambie sina neno lolote juu yake. Mwambie hivyo kwanza, kabla ya maji.

Baba Dieudonnée


Kabambare, 13 Oktoba 2024

Mume wangu,

Nakusalimu kwa furaha leo. Mvua zimeanza, njia imekuwa tope tupu, lakini moyo wangu umekauka vizuri.

Tumefanya Jumatano, asubuhi na mapema, mimi na yeye tu, na Ismaël kwa heshima. Nilimwambia kwanza kwamba huna neno moyoni. Akaitikia kwa kichwa. Nikammiminia viganjani, nikasema maneno yako, akajipaka uso, shingo, hata nywele. Akabaki amefumba macho kwa muda mrefu. Tangu hapo anaimba. Vitabu vimo ndani ya valizi, pamoja na mawese, unga wa muhogo na yale maharagwe yetu madogo, kana kwamba Kasongo hawali. Ameniandikia kwenye karatasi namna ya kuhesabu mbegu kabla ya kupanda, kaibandika ukutani. Mama mkwe mpaka mwisho. Ataondoka na Iliasi Jumanne tarehe 29.

Nikuambie jambo, na usinicheke. Chini ya chupa lilibaki tone moja. Nilitoka nyuma ya nyumba, nikalinywa. Ni Krismasi ya pili sasa inakuja bila wewe, na mimi pia ni mtu. Nilitaka kitu kilichotoka kinywani mwako.

Mkeo


Salamabila, 20 Oktoba 2024

Odile,

Sikusalimu kama kawaida kwa sababu nina aibu.

Maji yale hayakugusa kinywa changu. Niliyachota kisimani na kuyafunga. Ningeweza kunyamaza, mtoto angeondoka akiimba, na mimi ningezoea uongo wangu. Lakini uliandika kuhusu lile tone, na hilo siwezi kulinyamazia.

Si vumbi. Ni kifua kikuu. Niligundulika kuwa nacho mwezi wa sita katika kituo cha afya, baada ya kutema damu mbele ya wenzangu. Nameza vidonge kila siku. Shimoni sishuki tena, nawapikia wachimbaji wa upande wa pili, na hata hao niliwaficha mpaka nilipopona kidogo. Simu haikuharibika. Niliifunga kwa sababu ungesikia ninavyokohoa na ungekuja kwa miguu, na goti lako hilo.

Siku ya kwanza muuguzi alinitengea kikombe, akasema nisikohoe karibu na watu. Halafu wewe unaniomba maji ya kinywa! Nilikaa na chupa yako nusu ya siku. Niliyaweka maji kinywani, nikayatemea chini. Nikayaweka tena, nikayatemea chini. Nilijiuliza ni baba gani anampa mtoto wake ugonjwa na kuuita baraka. Ndipo nikaenda kisimani.

Usimwambie. Aende na furaha yake. Wewe tu ndiye ninayetaka ujue, na unisamehe ukiweza.

Yves


Kabambare, Jumatatu 28 Oktoba 2024

Baba Dieudonnée,

Salamu, na pole. Pole sana. Barua yako imefika leo saa nne, wakati mtoto anafunga mkanda wa valizi.

Sikukutii. Nilijaribu, nikaikunja, nikaitia kifuani, lakini yeye ananijua uso. Alinyoosha mkono tu. Akaisoma amesimama, akairudia, akanirudishia. Nilimuuliza kama bado anaondoka kesho, akajibu ndiyo. Akaenda kuchota maji, na amekaa huko mtoni mpaka nikaogopa.

Mimi nimekukasirikia kwa jambo moja. Si kisima. Ni kwamba ulitema damu mwezi wa sita na mimi nilikuwa hapa napalilia karanga, najiuliza kama bado unanipenda.

Barua hii anaichukua Iliasi kesho. Atamfikisha mtoto Kasongo, halafu atapita kwako.

Mkeo, Mama Dieudonnée


Salamabila, 3 Novemba 2024

Mama Dieudonnée,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa, maana sasa ni zamu yangu kukuambia ukae.

Barua yako hakunipa Iliasi. Amenipa mama mwenyewe. Mahali njia ya Kasongo inapoachana na ya kwetu, alimgusa Iliasi bega akamwambia apinde huku. Iliasi anasema alibisha kwa sababu ya tope, naye akamjibu kwamba anaweza kuteremka na kutembea. Alifika Jumatano mchana, tope mpaka magotini, valizi nyekundu kichwani, Iliasi nyuma yake akisukuma pikipiki. Wala hakuja kwangu kwanza. Alikwenda kituo cha afya akamuuliza muuguzi, kisha ndipo akaja.

Nilikuwa namenya mihogo. Nilisimama nikamwambia abaki pale pale, asikaribie. Akabaki. Hatua kumi hivi zilikuwa kati yetu. Amekuwa mrefu, Odile. Hukuniambia kwamba amekuwa mrefu hivyo.

Akasema muuguzi amemwambia kwamba vidonge vimefanya kazi, kwamba siwezi kumwambukiza mtu tangu mwezi wa nane, mradi nisiviache, na kwamba aliniambia hayo mara mbili. Ni kweli aliniambia. Nilisikia, lakini sikuamini, na nadhani sikutaka kuamini. Mtu mgonjwa ana sababu ya kujificha. Aliyepona na akaendelea kujificha, huyo ataeleza nini?

Nikamwambia basi nitampa maji, hata sasa. Akatikisa kichwa. Akachukua kikombe changu, kile cha kutengwa, akakijaza mtungini, akaja mpaka mbele yangu.

"Miye niko nani kwako?" akaniuliza.

Nikasema, "Uko mama."

"Basi leta mikono. Tangu lini mama anangojea maji ya mutoto wake?"

Nilipiga magoti mbele ya wapishi wenzangu, mzee mzima mwenye mvi. Akaweka maji kinywani akanipulizia viganjani. Nilijipaka usoni, sikujua lipi ni maji na lipi ni chozi. Alisema yale maneno ya baba, yote, bila kukosea. Nikamwambia, mama, maji haya hupewa anayesafiri. Akasema, "Ndiyo. Uende nyumbani." Akapanda pikipiki. Hakugeuka, kwa hiyo sikuuona uso wake tena, nami niliutafuta mpaka pikipiki ilipozama bondeni. Iliasi amerudi jana, amemwacha mikononi mwa Léocadie. Kesho anaingia darasani.

Nimekabidhi masufuria. Muuguzi ameniandikia karatasi ya kituo cha Kabambare, pamoja na vidonge vya njiani. Iliasi akikupa barua hii, hesabu siku tano, au sita mvua ikizidi, utaniona mlangoni.

Unaiona nyumba imekuwa kubwa bila yeye, najua, na mimi sitaijaza. Nimekonda. Sijui kama nitaweza jembe mwaka huu. Muuguzi anasema naweza kunywa kikombe kimoja na mke wangu bila hofu yoyote. Mimi bado naogopa, Odile. Kwanza niwekee kikombe changu mwenyewe, lakini ukiweke karibu na chako.

Mumeo,
Baba Dieudonnée