Nilisema Napuliza

Bi Mwanalima, mama yetu wa redioni, asalaam aleikum. Mimi ni kibarua, mtu wa Chovai, kisiwa cha Somalia, napakia saruji hapa Mombasa, na nakuomba unielekeze kabla sijauza saksafoni yangu, kwa sababu ndiyo iliyonipa mchumba na ndiyo itakayomwondoa.

Kuipiga nilifundishwa kwenye kambi ya wakimbizi na Abdisalam, mzee aliyekuwa katika bendi za Kismayo kabla ya vita, na alipopelekwa Ulaya mzigo wake ukazidi uzito akaniachia, nami nikaja nayo Mombasa nikidhani nimeshakuwa mwanamuziki, kumbe nimekuwa mbeba saruji mwenye saksafoni. Kila Jumapili mchana napiga jazi kwenye hoteli moja ya ufukweni, si ile jazi ya watu kuinuka wakacheza, ni ile ya wazungu kukaa kando ya bwawa wamefumba macho. Meneja ameandika ubaoni kwamba nimetoka Amerika, na ananitaka nikipiga nikunje uso kama mtu mwenye dhiki. Dhiki ninayo, Bi, mgongo wangu wote ni dhiki, lakini anasema hiyo yangu haionekani vizuri.

Sasa nilipomposa Khairat, ambaye asili yao ni kisiwani kwetu ila siku hizi wanakaa Kismayo, baba yake Mzee Abdulkadiri akanipigia simu, na mtandao unakatikakatika.

"Kijana, huko washika kazi gani?"

"Siku nyingine nabeba saruji, ami. Jumapili napuliza."

"Wapuliza?"

"Napuliza, ami. Watu wanakaa kimya, wengine wanatokwa na machozi, wakiondoka wamepoa."

"Mashallah! Mama Khairat, njoo usikie, tumepata mchu wa dua!"

Mchu kwetu ni mtu, na neno dua, Bi, mimi sikulitamka. Alilitia yeye, ila na mimi sikulitoa.

Posa ikakubaliwa hapo hapo. Tangu siku hiyo naitwa Sheikh, na habari zimefika visiwa vya jirani, Ngumi na Kudhaa, wananitumia sauti kwenye simu, huyu mtoto wake halali usiku, yule mkewe amenuna, na mmoja ameniomba niipulizie mashine ya boti. Mama yake Khairat, Bi Ummi, ana sukari na kidonda cha mguu, akaiweka simu juu ya bilauri ya maji akasema, "Puliza, mwanangu," nikaona haya kukataa, nikapuliza hewa tupu kama ninavyoipasha moto saksafoni, akanywa, akasema amepata nafuu, na sasa hospitali hataki kuisikia, anasema atanisubiri mimi nije baada ya Idi. Na Khairat anataka video nikiwapuliza watu, awaonyeshe shoga zake, na pale bwawani, Bi, watu hawajavaa nguo za kuonyesha shoga.

Kwenye saruji naitwa Msomali, hotelini Mmarekani, ukweni Sheikh. Je, niuze saksafoni nimpate mke, au nimwache mke nibaki na saksafoni? Jina langu tafadhali ulifiche.

Kibarua, Mombasa

*

Bi Mwanalima anajibu:

Waaleikum salaam, kibarua. Nimecheka mpaka kwenye mashine ya boti, halafu nikafika kwenye mguu, nikaacha. Umeniuliza juu ya saksafoni, umeniuliza juu ya mke. Juu ya mguu wa Bi Ummi hukuniuliza, umeupitisha katikati ya barua kama mfuko mmoja wa saruji kati ya mingi. Kidonda cha mtu wa sukari hakisubiri Idi. Watu wanakatwa miguu, mwanangu, na ule ukikatwa utakuwa umekatwa kwa haya zako.

Huruma nakuonea. Mtu anayeitwa Msomali wiki nzima na watu wasiotaka kujua jina lake, siku akiitwa Sheikh shingo inanyooka. Lakini usinichezee na habari ya nani alitamka neno gani. Uliiona bilauri, ukajua anachosubiri, ukapuliza.

Saksafoni usiiuze, haijamdanganya mtu. Mpigie Bi Ummi mwenyewe, si mzee, umwambie hivi: "Mama, mimi nabeba saruji na napiga saksafoni. Dua sijui kuliko wewe. Nenda hospitali leo." Usiongeze maneno. Kisha Khairat, mwambie kabla hajaambiwa, na hiyo video mtumie ukiwa umesimama peke yako, umeshika chombo, na ule ubao wa Amerika uonekane. Baba yake atakasirika na pengine posa itarudi. Irudi, ni haki yake. Au Khairat atasema anamtaka huyo huyo mbeba saruji, nayo ni haki yake, na hutaijua mpaka aseme. Yule wa boti mwambie atafute fundi.

Umeniomba nilifiche jina lako, nimelificha. Lakini la mchumba umeliandika, la baba yake umeliandika, kisiwa umekitaja, nami nimeyasoma yote hewani makusudi, kwa sababu ya mguu ule. Kismayo wanatusikiliza kwa simu. Sasa nafungulia wimbo, na nimekuchagulia mrefu. Mpigie Bi Ummi kabla haujaisha.