Mwanamke Uliyemtoa Kitabuni

Kaka Bonifasi,

Kule Hombo wameacha kutafuta. Mvua imepungua, mto umeshuka mpaka ubavu wa kamio, lile lori lililozama nawe, unaonekana, na wapiga mbizi wametoa magunia ya mchele yaliyovimba na kiatu kimoja. Nilikishika mwenyewe. Si chako. Basi nimerudi Mpofi, na leo ndiyo mara ya kwanza ninakuandikia kama mtu anavyomwandikia marehemu. Neno hilo limenila asubuhi nzima.

Koko, bibi yetu, yuko, maana najua ungeuliza habari zake kwanza. Anakula kidogo, ananigombeza sana. Asubuhi, kabla ukungu haujatoka msituni, anakaa mlangoni na kusikiliza. Tangu ulipomsomea ile sura ya kitabu chako amekuwa akisikia mtu anazunguka nyumba, anakanyaga kwa mguu mmoja na kuuburuta wa pili. Sasa anasema wamekuwa wawili, na wa pili amevaa viatu. Nilimwambia ni uzee. Kisha nami nikavisikia, kaka. Viatu vyako vya shule, vile vilivyokuwa vinakubana, unatua kisigino kwanza.

Haya yote yalianza na sinema. Unakumbuka lile gari la misheni lililokuja Walikale, wakatundika shuka jeupe na kutuonyesha wafalme wa zamani wa Ulaya? Kulikuwa na mtumishi mmoja aliyebeba sanduku la mfalme. Alivuka naye mto, akalala naye mvuani, kisha mfalme akashinda, akaoa, na yule mtumishi hatukumwona tena. Watu walipiga makofi. Wewe ulirudi nyumbani umenuna njia nzima.

"Ule wa sanduku alienda wapi?" ulikuwa ukiuliza. "Walimupoteza tu hivi? Muntu alitembea nao mwanzo mupaka katikati!"

Ukaapa kwamba utaandika kitabu cha zamani ambamo mbeba mizigo yuko mbele tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Na tulijua wote ni nani huyo. Babu yetu, mume wa Koko, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita upande wa Tabora, baba yetu, Papa, akiwa bado tumboni. Hakurudi. Kitabuni ukamwita Bulambo, ukamwachia mguu wake ulioharibiwa na mtego wa nguruwe, kama Koko alivyotusimulia.

Kila likizo ulishuka kutoka shuleni unakofundisha, Masisi, na makaratasi yako, tukamenya mihogo na kubishana. Nilikuwa sitaki Bulambo atoroke njiani. Ulisema mtu asiyeogopa hana kazi kitabuni, na hapo ulinishinda. Ulitaka kapita, msimamizi wa wabebaji, awe mbaya mwanzo mpaka mwisho. Nikakuambia mpe jino bovu, awe anaamka usiku analishika shavu lake, watu watamchukia na kumhurumia pamoja. Ulicheka, ukaliandika jino. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo na mtu mwingine yeyote.

Kisha ikaja sura ya kifo. Bulambo anaanguka kando ya njia, mzigo wake unahamishwa kwa mwingine, msafara unapita, mvua inanyesha. Basi. Nilikuomba uweke mtu. Nilikuandikia kwa mkono wangu mwanamke anayetoka shambani na jembe begani, hamjui huyu maiti wala kwao, lakini anasimama na kuchimba. Ukamsoma mara moja, ukapiga mstari.

"Anatoka wapi huyu?" ulisema. "Kitabu yote hatujamuona, sasa anatokea na jembe kusudi sisi tulie? Hakuna musomaji atamuamini, dada."

Ulikuwa na haki. Msomaji aliyefika pale hapendi kupewa pipi. Nilikubali, nikamenya muhogo mwingine.

Lakini ulimsomea Koko. Wewe mwenyewe ulijua kwetu mtu aliyepotea hafi mpaka mmoja wa nyumba atamke kifo chake mbele ya wenzake. Siku hiyo hiyo wanakata mgomba, wanauvika nguo yake, wanauzika, na aliyetamka ndiye anayeshika upande wa kichwa. Miaka yote hiyo hapakuwa na mtu wa kwetu aliyekubali kutamka. Koko alikusikiliza mpaka mwisho bila kujikuna, akaingia ndani akachukua panga. Tulimkuta nyuma ya jikoni, mgomba uko chini, anaufunga kwa kile kipande cha nguo ya babu alichokificha tangu usichana.

Ulimwambia ni kitabu tu, na mtu wa kitabu ana jina lingine.

"Jina iko ingine," alisema Koko. "Lakini ule muguu njo wake. Umesema amekufa. Shika kichwa."

Hukushika. Hukumtukana, hapana, ulimpigia magoti ukamwomba akuelewe. Ulisema ukianza kuwazikia mgomba watu wa kitabu, wanafunzi watakucheka na Padri atakuita. Ukapanda Masisi. Mgomba ukabaki umeegemea ukuta mpaka ukaoza na kitambaa chake, na Koko akaanza kusikia miguu.

"Amemuua," aliniambia siku moja, "na hakumuzika. Sasa ule anajua amekufa lakini hana fasi ya kulala."

Likizo iliyofuata ulipitia hapa kuelekea Bukavu, kumpelekea Padri wa mtambo wa kuchapisha nakala safi ya kitabu. Nilikupakia ndizi za njiani. Ulipanda juu ya magunia, ukanipungia ile bahasha, ukaniambia nisimwambie Koko kwamba sura ya kifo ni ile ile. Sikumwambia. Mvua ilianza kabla hamjapotea kwenye kona.

Kwa hiyo sasa nyumba yetu ina wawili wasio na fasi, na Papa hawezi kutamka, akifungua kinywa anakohoa tu anatoka nje. Koko hakunilazimisha. Alikuwa ananiangalia tu. Nami nilikuwa nikijiambia kwamba pengine umetupwa ng'ambo, umelala kwa wavuvi fulani na mguu umevunjika, utakuja umekasirika kwamba hatukukutumia mtu. Nilikuwa nakupangia sura, kaka, na kila sura ilikuwa ya uongo zaidi ya ile uliyoikata.

Leo asubuhi miguu ilipita tena. Yako ilisimama pale ukutani ulipooza mgomba. Nilitoka. Hakuna mtu, majani tu yenye maji. Koko alikuwa nyuma yangu na Papa nyuma yake, nikasema, "Kaka Bonifasi amekufa." Nilisema kwa sauti, ili asikie kila aliyetakiwa kusikia.

Tunazika leo jioni. Migomba miwili, mmoja na kitambaa kingine alichokipasua Koko kwenye pagne anayojifunga kiunoni, wa pili na shati lako jeupe la kufundishia. Nitashika vichwa vyote viwili, cha babu kwa niaba yako.

Na makaratasi uliyoyaacha chini ya kitanda nimeyatoa. Nakuahidi nitakimaliza kitabu. Mwoga nitamwacha awe mwoga, kapita abaki na jino lake. Ila yule mwanamke nimemrudisha. Sijamtafutia anakotoka. Anatoka shambani, anakuta mtu ameachwa na maji, anateremsha jembe.

Najua ulisema hakuna msomaji atakayemwamini. Mimi namwamini, kaka. Nimesimama kwenye mchanga wa Hombo nikamtafuta kwa macho chini kote mto unakokwenda, nami sina mwingine wa kumtegemea akuzike.

Lala sasa. Kama yule wa jembe alikupitia, mwambie sisi ni watu wa Mpofi, na asante yetu ipo.

Dada yako,
Anastazia