Mguu Ulioachia Mafuta

Ujerumani,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua umeshangaa kabla hujafika mstari wa pili, maana tangu nije huku, huu mwaka wa pili, hujawahi kupata karatasi kutoka kwangu. Goti linaendeleaje? Dada Anaeli ameniambia umerudi kulala chini ya magari wakati daktari alisema upumzike, na kwamba akikukataza unajifanya husikii. Wewe, mwenye masikio yale! Na Mama, kifua kimetulia? Mwezi huu najua baridi ya mlimani imeshuka mpaka kwetu Sakina na asubuhi mnaota moto wa matambara yenye mafuta nje ya gereji.

Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, kazini naenda. Kilichonishikisha kalamu ni kingine, na nimeshachana karatasi tatu.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako, Baba, si yako peke yako. Ikilia, Mzee Loth anaacha kupiga rangi anakuja, mwenye gari anayesubiri naye anasogea, na Mama akiwepo anaweka sauti ya juu ili jirani asikie mtoto wake akiongea kutoka Ulaya. Haya nataka uyasome wewe kwanza. Barua nampa Mama Glory, yule Mchaga tunayesali naye, anakuja Arusha kwenye harusi ya mdogo wake. Atafika Alhamisi na ameniahidi atakukabidhi mkononi kabla ya Jumapili.

Ndiyo, Jumapili ile. Anaeli amenieleza yote. Kwamba Mama ameshaongea na mchungaji, kwamba siku ya Sikukuu ya Mavuno familia yetu itasimama mbele kutoa shukrani kwa ajili yangu, kwamba Bibi anakuja kutoka Akheri na mkungu wa ndizi mshare, na wewe, ambaye hata kwenye send-off ya binti yako ulimsukumia mjomba kipaza sauti, safari hii umekubali kusema neno. Utasema kwamba mwanao yuko kwenye timu iliyovunja rekodi katika uwanja wa mbio za magari unaojulikana dunia nzima.

Baba, usiseme hivyo. Si kweli. Nimewaacha mkiamini kwa wiki saba, na aibu niliyonayo siwezi kuipima.

Nianze na kazi yenyewe. Sigusi magari. Niliposema niko uwanjani niliwaacha mmalizie wenyewe, nanyi mkamalizia vizuri. Kazi yangu ni ufagio na koleo. Njia ya mashindano huku inazunguka msituni, inapanda na kushuka kilomita nyingi, na kila gari likikosea kidogo linaleta kokoto na matope barabarani. Sisi tunafagia. Gari likimwaga oili tunanyunyiza unga wa kuifyonza, tunafagia tena. Siku za mbio nakaa kwenye kituo cha kona moja na Mzee Dieter, fundi bomba mstaafu, mwenye bendera na redio ya mkononi. Miaka arobaini amesimama kona ile ile, halipwi chochote zaidi ya chakula cha mchana. Ndiye aliyenifundisha kazi, na mkate wake wa soseji hukata vipande viwili bila kuuliza kama nina njaa.

Sasa siku ya rekodi haiwi kama siku ya mbio. Watu hawaingii. Uwanja wote unafungwa kwa ajili ya gari moja tu, linalokimbizana na saa. Sisi tunaamka mapema kufagia mpaka jani la mwisho, halafu tunarudi nyuma ya uzio wa vyuma na kunyamaza. Msitu mzima unakuwa kimya, ndege tu. Kisha unalisikia likiwa mbali, upande wa pili wa bonde, na unaweza kufuata kila gia kwa sikio. Mara ya kwanza nilipolisikia nilikukumbuka wewe na ile bisibisi ndefu, ncha kwenye injini na mpini sikioni, umefumba macho huku mabasi ya Nairobi yakinguruma nyuma yako. Nilitamani ungekuwepo.

Nyinyi mkawa mnaniomba video. Kila nikipiga, video. Mama anasema wenzake wa kwaya wanataka kuona. Tatizo ni kwamba kutoka nyuma ya uzio wetu huoni kitu, gari linapita kabla hujanyanyua simu. Basi siku ile ya mwezi wa tano, Mzee Dieter akiwa ameinamia redio yake, nikaruka uzio. Nilishuka hatua kama kumi mpaka kwenye majani, kando kabisa ya njia, na jaketi langu la rangi ya chungwa, nikaelekeza simu. Nilijua hairuhusiwi. Huo ndio mstari wa kwanza wanaokusainisha ukianza kazi.

Video ile mnayo. Gari linatokea kwenye kilima, linakuja, linapita, upepo unanisukuma. Nikaruka kurudi nyuma ya uzio, nikaituma pale pale na kuandika: "Tumevunja rekodi!" Nilidhani ndivyo. Dakika mbili baadaye redio ikasema dereva amepoteza kasi kwenye kona yetu. Alikuwa mbele ya saa mpaka pale. Alimwona mtu mahali pasipotakiwa kuwa na mtu, akainua mguu, akaachia mafuta. Kabla hajarudia, mvua ikanyesha, na muda walioukodi ukaisha. Watu wa timu walifunga vifaa vyao wakaondoka.

Wakati natafuta maneno ya kuwaambia, simu ilikuwa imeshajaa. Mama analia kwa furaha, Mzee Loth anapiga vigelegele kama bibi harusi ni yeye. Nikasema nitawaambia kesho. Kesho ikaja ile sauti yako, nimeisikiliza mpaka naijua kwa moyo:

"Elisante, video tumeiona. Gari kali hilo, mwanangu. Ila mbona kama jamaa kaachia mafuta pale? Kona hata bado haijafika. Kuna nini?"

Watu wote wa Sakina walitazama gari. Wewe ulisikiliza. Nami nikakujibu, Mungu anisamehe, kwamba kona ile ni kali kuliko inavyoonekana. Ukaandika neno moja: "Sawa." Naijua hiyo "sawa" yako. Ndiyo uliyonipa nikiwa kidato cha pili, niliposema nimebadilisha plagi zote nne, ukawasha injini, ukaweka bisibisi sikioni, ukasema sawa, kisha ukanituma nikaangalie ya tatu. Safari hii hukunituma popote. Uliniacha, na hilo ndilo limenikosesha raha wiki zote hizi.

Lakini hujasikia lililo baya zaidi. Mchana ule ule walikuja wakubwa kituoni kuuliza nani alivuka uzio. Nilikuwa nimesimama na ufagio. Mzee Dieter hakunitazama. Alisema, "Kituo ni changu, kosa ni langu." Wakamvua jaketi hapo hapo, Baba. Mzee wa miaka sabini na kitu anavuliwa jaketi kama mwizi wa kuku, nami naangalia viatu vyangu. Nilikuwa nawaza mkataba, nawaza kibali cha kuishi, nawaza Mama atasema nini kwenye kwaya. Yote hayo yalinipita kichwani, na neno "mimi" halikutoka.

Jumanne iliyopita gari lile lilirudi, na rekodi ikavunjwa. Kweli, sasa. Lilipita kona yetu likiwa limekanyagwa mpaka mwisho, sauti haikushuka hata kidogo, na redio zote zikalipuka. Watu walikumbatiana. Kijana aliyewekwa pale badala ya Mzee Dieter ana mwezi mmoja tu kazini, alinipiga mgongoni akasema tuna bahati kweli. Mtu aliyeisubiri miaka arobaini hakuwepo. Nilienda kukaa nyuma ya gari la kufagilia nikalia, na sioni haya kukuandikia hilo, haya zangu nimezimaliza kwingine.

Jioni nikaenda kwake. Anakaa kijiji cha jirani, nyumba ina bustani inayotazama msitu. Nilimkuta amekaa kwenye kiti nje, na kabla sijasalimia akasema, "Nimelisikia kutoka hapa. Safari hii hakuachia."

Nikamwambia yote. Akanisikiliza, akasema, "Nilikuona. Miaka arobaini natazama kona ile, nisikuone wewe na jaketi hilo?"

"Sasa kwa nini ulijitwika?"

"Nilishasema, kituo kilikuwa changu. Nilikuwa naangalia redio badala yako, nilipoinua kichwa ulikuwa umeshavuka." Kisha akaongeza, "Ila nilijua utakuja. Nilidhani utakuja kesho yake."

Alinikatia mkate, nikaondoka nao mkononi.

Asubuhi yake nikaingia ofisini na kueleza. Hawakunifokea, walichukua maelezo tu, nikasaini. Nimeondolewa kando ya njia, sasa naosha vyombo kwenye kantini mpaka msimu uishe, na mkataba mpya hawajaniahidi. Inawezekana nikarudi nyumbani mapema. Mzee Dieter wamemwita wamrudishie jaketi lake. Amewaambia atafikiri. Nilipomuuliza atarudi lini, alisema rekodi imeshapita, sasa ana haraka gani? Sijui kama alikuwa ananitania.

Sasa hii ya kanisani. Kwa Mama sina ujanja, utaamua wewe umwambie vipi, au ukitaka msomee. Najua atalia, na najua atanisema kwa Kimeru, maana kwa Kiswahili hasira yake huwa haitoshi. Mwambie namwomba radhi, na akikaa sawa nitapiga nisikie mwenyewe anachotaka kunisema, hata akiweka sauti ya juu.

Najua pia kwamba Bibi ameshauchagua mkungu, na Mama hawezi kumrudia mchungaji bila maelezo. Kama mtaona lazima msimame, simameni. Ila wewe, Baba, sema ulichokisikia. Sema dereva aliachia mafuta kona ikiwa bado, kwa kuwa mwanao alikuwa amesimama mahali pasipo pake. Nimeitazama video ile mara nyingi kuliko nyinyi. Baada ya sauti kushuka, gari linayumba kidogo kuja upande wangu, halafu linarudi. Kama asingeachia, sijui lingefika wapi. Yule mtu hanijui jina wala hakuwahi kuniona. Rekodi aliyoitafuta mwaka mzima ilikuwa mkononi mwake, na aliiacha iende kwa ajili ya jaketi la chungwa. Kama Mama anataka kushukuru, ashukuru kwa mguu ule. Hilo si la uongo, na mkungu wa Bibi hautakuwa umepotea bure.

Nisalimie Bibi huko Akheri, mwambie loshoro lake la mahindi na maziwa mgando bado nalitamani na huku maziwa yao hayagandi vizuri. Nisalimie dada yangu Anaeli, na aache kukusumbua kuhusu goti, au aendelee, sijui lipi litasaidia. Mzee Loth mpiga rangi mpe salamu zangu, na kama atauliza kuhusu timu, mwambie ukweli, nisije kulazimika kuurudia siku nikirudi. Benchi langu pale gereji msiligawe.

Nimekuandikia nikiwa nimeinamisha uso. Nikipata ruhusa ya kukutazama tena, utaniambia.

Mwanao wa kwanza,
Elisante

Nimesahau kujibu swali lako la mwezi wa tano. Ulisikia vizuri, Baba. Aliachia.