Filamu Isiyofunguka kwa Simu ya Baba

3 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini mguu umepoa na usingizi unapata. Mimi mzima, ila kiti cha ofisini kinanimaliza mgongo.

Ile filamu uliyoipangia taa, ambayo haikuwahi kufika ukumbini, imeingia kwenye programu yetu ya kutazamia filamu. Wenye simu za mfumo uliofungwa wameshaanza kuitazama. Simu yako bado. Mfumo wake uko wazi, kila kiwanda kinaurekebisha kipendavyo, na wenye filamu wanaogopa kuibiwa. Kazi yangu ndiyo hiyo: kujaribu kuiba. Nikishindwa, tunawafungulia wenye simu kama yako. Wamesema mwezi ujao.

Kitindamimba wako

11 Februari

Marahaba mwanangu,

Mguu haujambo. Kumbe nimekusomesha uje uwe mwizi! Nimecheka hadi nikakohoa.

Nimempa habari Masikio, aliyenasa sauti za filamu ile. Katika mafundi wote tumebaki sisi wawili, na hatujaiona hata siku moja. Sasa kila asubuhi anapita dirishani: "Imefunguka?" Utadhani mimi ndiye mwenye ufunguo.

Baba yako

22 Machi

Shikamoo Baba,

Hali yako? Mimi afya ipo, moyo ndio mzito.

Nimeiba. Kwenye simu kama yako, kabla ya chakula cha mchana, nilikuwa na filamu nzima, safi kabisa. Chumbani nilikuwa peke yangu. Ningenyamaza, Jumatatu mngetazama. Nikaenda kwa mkuu wangu. Akashika kichwa: "Una uhakika?" Nikamwonesha. Wameahirisha, na hakuna ajuaye hadi lini.

Nakala bado ninayo. Baba, ukisema niitume, nitaituma.

Kitindamimba

9 Juni

Marahaba mwanangu,

Sijambo. Nisamehe kwa ukimya. Mwanzoni ilikuwa hasira. Masikio naye alinichochea: "Mwambie aitume. Mtu haibi kazi ya mikono yake mwenyewe." Nikaandika "tuma", nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikawaza, wakijua watakufukuza, kwa uroho wa wazee wawili. Nikamwambia tungoje. Alinuna, lakini hakuacha kupita.

Masikio tumemzika mwezi uliopita. Kifua. Sikulaumu, mwanangu, ila kalamu ilikuwa haishikiki.

Futa hiyo nakala.

Baba yako

14 Juni

Shikamoo Baba,

Pole sana. Nimesoma barua yako chooni ofisini ili nilie kwa nafasi.

Nimeifuta. Tundu nililoibia limezibwa kwenye simu za aina nane. Yako ni ya tisa, naishughulikia kwa mkono wangu.

Kitindamimba

30 Agosti

Mwanangu,

Mimi mzima, wewe je?

Imefunguka jana. Sikuitazama nyumbani, nilikwenda kwa mjane wa Masikio, tukaiegemeza simu kwenye birika. Nisijisifu, taa ziko sawa, ila kwenye onyesho la jikoni nilikosea: kivuli kinamkata mwigizaji pua. Baada ya kama robo saa mjane akaniambia, "Shemeji, macho yangu kwa vitu vidogo hivi hayafui dafu. Ilaze tu, nisikilize."

Nikailaza kifudifudi mezani. Mvua ya filamuni ikapiga bati. Mlango ukalia. Mtu akavua viatu, kimoja, kisha kingine.

"Ni yeye huyo," akasema. "Alinasa viatu vyake mwenyewe, hapahapa sebuleni."

Tulisikiliza hadi mwisho. Picha nitaitazama kesho.

Baba yako